Gobore likigoma, usiongeze baruti

Barua za safari hii zimetoka pwani yote, kuanzia Mkinga hadi Bagamoyo, na moja imevuka bahari. Nusu yake zinauliza jambo moja ambalo nimelijibu mara nyingi, basi nalianza hilo ili tulimalize.

*Shikamoo Mzee. Nina gobore la fataki lenye leseni. Asubuhi fyatuo la kwanza linagoma, la pili au la tatu ndiyo linalia. Baruti naweka kama kawaida. Niongeze kiasi gani? (Muheza)*

Marahaba. Usiongeze hata punje. Nawaomba wote mnaoniandikia mnielewe: gobore haligomi kwa uchache wa baruti. Baruti ingekuwa chache, lingelia kwa sauti ndogo na risasi ingefika karibu. Likinyamaza kabisa, maana yake moto wa fataki, kile kikofia kinacholipuka nyundo ikikigonga, haukufika. Kati ya fataki na baruti kuna kitundu chembamba kinachopita ndani ya kifa, ile chuchu ya chuma inayovishwa fataki. Kikiziba, hata ukishindilia baruti hadi mdomoni, fataki italia peke yake.

Sasa jiulize kwa nini ni asubuhi tu. Jana ulisafisha, ukapaka mafuta, ukaisimamisha bunduki kwenye kona, mdomo juu. Usiku kucha mafuta yameteremka yakatuama chini, penye kifa. Unapomimina baruti juu yake, punje za chini zinalowa. Fataki mbili za kwanza zinafanya kazi ya kukausha, ya tatu ndiyo inayowasha.

Kabla ya kushindilia, pitisha kitambaa kikavu kwa mdeki, ile fimbo ya kushindilia, hadi chini, mpaka kitoke bila alama ya mafuta. Kisha, bunduki ikiwa tupu na umehakikisha ni tupu, elekeza mdomo kwenye jani kavu chini, karibu, ufyatue fataki moja. Jani likiruka, njia iko wazi. Lisipotikisika, kifungue kifa ukisafishe kwa sindano. Na ukiiweka, iegemeze mdomo chini juu ya kitambaa.

Nyongeza ambayo hukuiuliza. Wapo wanaofungua ganda la risasi ya kisasa wakachukua baruti yake kwa kuwa "ina nguvu". Hiyo inasukuma kwa shinikizo ambalo mtutu wa gobore haukutengenezwa kulibeba. Mtutu unapasuka, na unapasuka mbele ya uso wako. Gobore linataka baruti nyeusi tu.

*Fataki zangu zinacheza kwenye kifa, nazibana kwa vidole ndiyo zishike. Nyundo ikigonga mara ya kwanza kimya, ya pili inalia. (Pangani)*

Saizi si yake. Pigo la kwanza linaisukuma fataki ikae chini, la pili ndilo linaloiwasha. Fataki za kawaida ni namba 10 na namba 11, na tofauti yake kwa jicho ni ndogo. Tafuta inayokishika kifa chako bila kubanwa, au ubadilishwe kifa na fundi mwenye leseni. Ukiibana unaigeuza yai, na siku moja itadondoka majanini mnyama akiwa mbele yako.

*Mzee, nilivuta, nyundo ikagonga, kimya. Nikashusha bunduki nitazame, ikalia yenyewe. Risasi ilipita karibu na mguu wa mwenzangu. Ni jini au ni ubovu? (Handeni)*

Si jini. Cheche ilifika kwenye baruti iliyolowa, au kwenye takataka za fyatuo lililotangulia, ikaungua polepole kama utambi mpaka ikaifikia baruti kavu. Inaweza kuwa nusu sekunde, inaweza kuwa sekunde kadhaa. Hilo jambo lina sheria moja na nawasihi muwafundishe vijana wenu kabla hawajagusa bunduki: ikinyamaza, usiishushe. Iache begani, mdomo uelekee palepale ulipolenga, uhesabu hadi 60. Mimi huhesabu hadi 120, na sioni haya kwa kuchelewa. Baada ya hapo vua fataki, visha mpya, fyatua kuelekea palepale. Ikinyamaza tena, vua fataki, mimina maji mtutuni baruti ilowe kabisa, umpelekee fundi aitoe risasi. Usichungulie mdomoni. Usiitoe kwa kuigongagonga na mdeki.

Mjomba wangu mzaa mama, mwindaji wa miaka mingi kule ng'ambo ya mto Pangani, aliisimamisha bunduki iliyogoma akaegemeza kiganja mdomoni, kama tunavyoegemea fimbo. Alirudi nyumbani na vidole vitatu. Nilikuwa mtoto, nilishika taa wakati anafungwa kitambaa. Ndiyo maana siwezi kulipitisha swali hili kwa mstari mmoja.

Na hilo la mwenzako kusimama mbele ya mstari wa mdomo ni kosa jingine kabisa. Mwenzako asimame nyuma yako, siku zote.

*Fundi wa kijijini amenitengenezea gobore kwa bomba la maji. Moto wake hauaminiki. Nirekebishe wapi?*

Usirekebishe. Kulitengeneza na kulimiliki ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na bomba la maji halikutengenezwa kuhimili baruti. Mwone mwenyekiti wa kijiji akuongoze namna ya kulisalimisha polisi. Swali la aina hii sitalijibu tena.

*Naruhusiwa kuwinda nguruwe kwa gobore ndani ya Saadani? Leseni ya bunduki ninayo. (Mkange)*

Hapana. Saadani ni Hifadhi ya Taifa tangu 2005, hakuna uwindaji ndani yake wa bunduki yoyote. Nje ya hifadhi, leseni ya bunduki si kibali cha kuwinda. Ni karatasi mbili tofauti, na ya pili iko kwa afisa wanyamapori wa wilaya.

*Shikamoo Mzee. Mimi mtoto wa Chumbageni, sasa naishi Pennsylvania, Marekani. Huku kuna msimu wa kuwinda paa kwa bunduki za jiwe la gumegume peke yake. Yangu inatoa cheche, baruti ya kisahani, kile kibakuli cha nje kando ya mtutu, inawaka, lakini risasi inachelewa au haitoki. Naijaza kisahani hadi juu. (Pennsylvania)*

Marahaba mwanangu. Umenifurahisha, maana neno gumegume, lile jiwe linalotoa cheche likigonga chuma, vijana wa hapa hawalijui tena, na msimu wenu huo umedumu tangu 1974. Kosa lako ni hapo uliposema "hadi juu". Baruti ya kisahani ikilifunika tundu la moto, lile linaloingia mtutuni, inabidi iungue punje kwa punje kupita tunduni, nawe unasikia *fyuu* kabla ya mlio. Weka kidogo, thuluthi ya kisahani, baruti laini kabisa, ulaze mbali na tundu. Kinachotakiwa kuingia tunduni ni mwako wenyewe, si utambi. Tundu lipitishe sindano kila baada ya kufyatua. Jiwe lifunge kwa ngozi, ukingo wake ugonge chuma kwa upana wote, na likianza kutoa cheche chache lichonge au libadilishe. Zile baruti mbadala kama Pyrodex zinawaka kwa shida kuliko baruti nyeusi, kwenye gumegume usizitegemee.

Kuhusu baridi yenu: ukirudi kambini usiiingize bunduki kwenye joto halafu uitoe tena. Chuma baridi kikikutana na hewa ya ndani kinatoka jasho hadi ndani ya kisahani.

Ule mwako wa kisahani ulimsumbua hata mchungaji mmoja wa Uskoti, Alexander Forsyth, aliyekuwa mwindaji wa ndege. Ndege waliuona mwako wakaruka kabla risasi haijafika. Mwaka 1807 akapewa hataza ya kuwasha kwa kemikali inayolipuka ikigongwa, na kutoka hapo ndipo wengine walipoifikia fataki. Kwa hiyo vumilia, na usiinue shavu mpaka bunduki imelia.

*Baba shikamoo. Marehemu babu yetu aliacha gobore la gumegume. Limetundikwa ukutani sebuleni, watoto wanalichezea, hata jiwe halina. Lina hatari? (Bagamoyo)*

Marahaba mama. Litoe mikononi mwa watoto leo, kabla hujamaliza kusoma. Magobore ya wazee mara nyingi yalitundikwa yakiwa yameshindiliwa, na baruti nyeusi iliyokaa pakavu haizeeki. Jiwe kutokuwepo si kinga, cheche yoyote tunduni inatosha. Kama upo mdeki, mtu mzima auteremshe taratibu, asimame kando ya mdomo, aweke alama kwa kidole, kisha aulaze nje ya mtutu apime. Ukiishia mbali na penye tundu, kuna kitu ndani. Asijaribu kukitoa.

Halafu kuna karatasi. Leseni ya marehemu hairithiwi pamoja na kochi. Toeni taarifa polisi kabla ya kulibeba popote. Serikali hutoa vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha kwa hiari, kama mwaka 2022, lakini msikae kusubiri kingine huku watoto wanapita chini yake.

*Nasafisha kwa dizeli lakini kutu haiishi. (Tanga mjini)*

Masizi ya baruti nyeusi yana chumvi inayovuta unyevu, na dizeli haiyeyushi chumvi. Hapa Tanga, kwa hewa hii ya bahari, ukilala nayo usiku mmoja asubuhi umeikuta kutu. Tumia maji ya moto na sabuni, siku ileile, kifa kimefunguliwa. Suuza kwa maji ya moto zaidi ili chuma kijikaushe, pitisha vitambaa vikavu, kisha mafuta ya cherehani kidogo sana. Mafuta ya nazi usiyaache humo kwa kuhifadhia, wakati wa kusi yanaganda kwenye kitundu. Na kabla ya kushindilia tena, rudi kwenye jibu la Muheza.