Maswali ya Wasomaji: Nimeongozwa sala ya toba mara nne, mbona bado sina uhakika?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Nimepita mbele kuongozwa sala ya toba mara nne, katika mikutano tofauti. Kila mara nafurahi juma moja au mawili, kisha furaha inakatika na ninaanza kujiuliza kama niliomba kwa moyo wote. Je, nimeokoka au la? – Dada aliyeomba jina lisitajwe.

JIBU: Amina, dada. Sala ya toba kama tulivyoizoea, ya kumfuatisha mhubiri sentensi kwa sentensi, haimo katika Biblia. Si kosa kuiomba, kwa kuwa humsaidia asiyejua aanzie wapi. Ila hakuna mtume aliyemhakikishia mtu wokovu kwa sababu ametamka maneno fulani. Mlinzi wa gereza la Filipi alipouliza afanye nini apate kuokoka, aliambiwa amwamini Bwana Yesu (Matendo 16:31). Warumi 10:9 inataja kinywa, ni kweli, lakini papo hapo inataja moyo unaoamini kwamba Mungu alimfufua Yesu kutoka kwa wafu.

Barua yako yote inaichunguza sala yako, na hapo ndipo unapokwama. Soma Hesabu 21. Waisraeli walioumwa na nyoka waliambiwa wamtazame nyoka wa shaba aliyewekwa juu ya mti, na aliyetazama akaishi. Andiko halisemi lolote juu ya nani alitazama kwa machozi na nani alitazama akiwa na hofu. Yesu alijifananisha na nyoka huyo aliyeinuliwa (Yohana 3:14-15). Karne nyingi baadaye mfalme Hezekia alimvunja nyoka yuleyule vipande vipande, kwa maana watu walikuwa wakimfukizia uvumba (2 Wafalme 18:4). Kilichotolewa ili watu wapone kiligeuka kuwa sanamu. Sala ya toba nayo yaweza kupatwa na hayo, hata tarehe ya kuokoka: mtu akaitazama hiyo akamsahau Kristo.

Walimu wa kanisa wa wakati wa Matengenezo (Waprotestanti walipojitenga na Kanisa Katoliki) na waliowafuata waliichambua imani katika sehemu tatu: kujua habari ya Kristo, kukubali kwamba ni kweli, na kumtegemea yeye mwenyewe. Mashetani wanazo mbili za kwanza, nao wanatetemeka (Yakobo 2:19). Sehemu ya tatu ndiyo inayowashinda wengi, kwa sababu kumtegemea Kristo ni kuachia tegemeo jingine lolote, hata uzuri wa sala uliyoomba. Angalia pia kwamba hisia hazimo katika hizo tatu. Furaha hupanda na kushuka kwa uchovu, ugonjwa au msiba, na msalaba unabaki pale pale.

Kwa hiyo tunakushauri usipite mbele mara ya tano kwa jambo hilohilo. Chukua Injili ya Yohana. Ina sura 21, basi sura tatu kwa siku utaimaliza kwa siku saba. Katika Kigiriki chake nomino "imani" haimo hata mara moja, ila kitenzi "kuamini" kimetumika karibu mara 100. Kila unapokikuta, andika kwenye daftari mambo mawili: anaaminiwa nani, na ameahidi nini. Usiandike unavyojisikia. Juma linalofuata soma 1 Yohana, sura tano tu, ukae hasa kwenye 5:13, ambapo mtume anasema ameandika ili waaminio wajue kwamba wana uzima wa milele.

Ukianguka dhambini, itaje kwa Mungu kwa jina lake, iwe ni uongo, wivu au uzinzi (1 Yohana 1:9). Usianze wokovu upya. Yesu alimwambia Petro kwamba aliyekwisha kuoga hana haja ila ya kunawa miguu (Yohana 13:10). Na kama katika kusoma utagundua kwamba hujawahi kumtegemea Kristo kabisa, mtegemee hapo hapo ulipoketi. Baba wa kijana aliyepagawa alikiri kuamini na papo hapo akaomba asaidiwe kutokuamini kwake, na Yesu hakumrudisha (Marko 9:24).

SWALI: Katika kikundi chetu cha maombi tumegawanyika. Paulo anasema mtu huhesabiwa haki kwa imani pasipo matendo. Yakobo anasema si kwa imani peke yake. Tumfuate nani?

JIBU: Wote wawili, na njia rahisi ya kuliona hilo ni kuhesabu miaka ya Ibrahimu. Paulo, katika Warumi 4, anasimama kwenye Mwanzo 15:6: Ibrahimu alimwamini Mungu ikahesabiwa kwake kuwa haki. Wakati huo Ishmaeli hajazaliwa. Ishmaeli alizaliwa baba yake akiwa na miaka 86, na tohara ikaja akiwa na 99. Haki ilitangulia tohara kwa miaka isiyopungua 13. Hiyo ndiyo nguvu ya hoja ya Paulo: hakuna tendo lililoinunua.

Yakobo anasimama kwenye Mwanzo 22, Isaka alipowekwa juu ya madhabahu. Isaka alizaliwa Ibrahimu akiwa na miaka 100, na siku ile alikuwa amekua kiasi cha kubeba kuni. Halafu Yakobo mwenyewe ananukuu Mwanzo 15:6 na kusema andiko hilo lilitimizwa. Kwa hiyo anaonyesha kwamba imani iliyohesabiwa zamani ilikuwa hai, nayo ikaonekana.

Paulo anamjibu anayetaka kulipwa. Ndiyo maana katika Warumi 4:4 anataja ujira. Yakobo anamjibu anayemwambia mwenye njaa aende kwa amani, bila kumpa chakula. Kikundi chenu kisome Waefeso 2:8-10 kwa pamoja, bila kuishia mstari wa 9 kama wengi wafanyavyo. Mstari wa 10 unasema tumeumbwa katika Kristo tutende matendo mema. Matendo yanafuata wokovu, na yasipofuata kabisa kuna sababu ya kuuliza kama imani ipo.

SWALI: Uzima wa milele unaanza lini, baada ya kufa?

JIBU: Unaanza unapoamini. Katika Yohana 5:24 Yesu anasema aaminiye anao, tena amekwisha kupita kutoka mautini. Yohana 17:3 inaueleza kuwa ni kumjua Mungu na Kristo aliyetumwa naye. Ufufuo wa mwili bado unangojewa.

SWALI: Mwizi aliyesulubiwa pamoja na Yesu hakubatizwa. Basi nami naweza kuacha?

JIBU: Makanisa hayafundishi sawa juu ya kazi ya ubatizo, lakini mfano huo haukufai. Yule mtu alikuwa ametundikwa, hakuweza kwenda majini. Wewe unaweza. Mlinzi wa Filipi aliwaosha Paulo na Sila majeraha yao saa ileile ya usiku, kisha akabatizwa yeye na watu wake wote papo hapo. Zungumza na mchungaji wako juma hili.