Baada ya tetemeko, tumieni chama mlichonacho

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu hivi alasiri, nilikuwa kibarazani Bukoba namenya ndizi. Tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 lilipita upesi kuliko ninavyolisimulia. Shule za Ihungo na Nyakato zilibomoka vibaya. Mtaani kwetu nyumba nyingi zilibaki zimesimama, ila zina nyufa za kuingiza kiganja.

Wiki hiyohiyo tukaunda kamati ya maafa, nikawa katibu. Tuligawa maturubai, blanketi na mabati. Msaada ulipokoma, kikao kikakosa akidi, basi, hakikuitishwa tena.

Kwa hiyo nyinyi mlio kwenye wiki ya kwanza baada ya tetemeko leo, msihangaike kuunda kitu kipya. Sisi tulikuwa na chama cha kuzikana muda wote. Kinakutana kila mwezi, iwe mvua, iwe jua, na daftari lake linajua nani mjane, nani analea wajukuu, nani amepanga. Orodha ya kamati iliandika wenye nyumba tu. Dada mmoja mpangaji, aliyefukiwa kitanda na cherehani, hakuambulia hata blanketi. Kalamu niliishika mimi.

Baadaye ndipo chama kikakubali kila kaya iongeze shilingi 1,000 juu ya mchango wa msiba, ya kukarabati nyumba moja baada ya nyingine.

Pesa ya kwanza msikimbilie saruji. Mlipeni fundi azunguke akikagua nyumba. Wetu alifika kwa mama mmoja aliyekwisha kupiga plasta na rangi ya krimu. Akagonga kwa nyundo, plasta ikabanduka kama ganda la yai. Ndani, matofali ya kuchoma yameshikwa kwa udongo mtupu.

"Mama, ufa huu haujapona, umevalishwa nguo."

Akashauri tushushe ile pembetatu ya ukuta chini ya paa, tuweke mbao na bati, kisha tufunge lenta yenye nondo kuzunguka kuta zote. Mama alininunia miezi miwili (rangi alinunuliwa na mwanawe, namwelewa). Lakini vijana wawili wa mtaa walijifunzia kukunja nondo palepale, na ndio wanaotujengea sasa.

Dada wa cherehani amepata kiwanja. Mwezi ujao zamu ni yake.