Injini inatoa moshi na kompresheni iko chini? Pima kwanza kabla hujaishusha

Gari kuukuu likianza kutoa moshi na kukosa nguvu, mafundi wengi hutoa hukumu wakiwa bado wamesimama: ringi za pistoni (pete zinazoziba nafasi kati ya pistoni na silinda) zimekwisha, tushushe injini. Mara nyingine ni kweli. Lakini moshi na kompresheni ndogo (hewa kutobanwa vya kutosha ndani ya silinda) huweza kuwa magonjwa mawili tofauti yaliyokutana kwenye injini moja, na ukiyachanganya utalipia kazi usiyoihitaji.

Rangi za moshi zinajulikana. Mweusi, mafuta yamezidi hewa. Mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, huku maji ya rejeta yakipungua, shuku gasketi ya silinda hedi au ufa. Wa bluu ni oili inayoungua. Mimi huangalia zaidi unatoka wakati gani. Ukitoka wingu asubuhi unapowasha, kisha ukakata, sili za valvu (vizuizi vya oili kwenye shina la valvu) zimekauka na oili imechuruzika usiku kucha. Hali kadhalika ukishuka mlima mrefu bila kukanyaga mafuta, halafu ukikanyaga unafuka. Ringi zilizolika hazichagui saa: kadiri unavyokanyaga ndivyo moshi unavyozidi, na ukifungua kifuniko cha oili injini ikiwaka, hewa inakupulizia usoni. (Dereva mwenyewe haoni mengi kwenye kioo. Mpe mtu mwingine aendeshe, wewe ufuate nyuma.)

Kisha geji ya kompresheni. Injini iwe na moto, betri iwe na chaji, plagi zote zitolewe, umeme wa plagi na mafuta vikatwe. Kanyaga pedeli ya mafuta hadi mwisho na upige stata mpaka mshale uache kupanda. Kila silinda ipate mizunguko sawa. Pedeli isipokanyagwa, hewa haiingii vya kutosha na hata injini nzima itasoma kama mgonjwa. Injini nyingi za petroli husoma kati ya psi (kipimo cha shinikizo) 120 na 180, ila mimi namba moja pekee hainisumbui sana, naangalia tofauti. Silinda ikipungukiwa na zaidi ya asilimia 15 hivi kuliko wenzake, hapo pana jambo. Zote zikiwa chini kwa usawa, kagua kwanza betri, na kama mkanda wa taiming haujaruka meno.

Gari langu lilisoma 160, 165, 95, 160. Nikatia kijiko kidogo cha oili kwenye silinda ya tatu, nikapima tena: 100. Oili huziba nafasi za ringi kwa muda, hivyo kama ringi ndizo zingekuwa mbovu, namba ingepanda sana. Haikupanda, na majirani zake wawili walikuwa wazima, kwa hiyo gasketi kati ya silinda, ambayo ingeshusha silinda mbili jirani, nayo nikaacha kuishuku. Nilipofungua kava ya juu, feli geji (kibati cha kupimia nafasi) nyembamba kabisa haikupenya kwenye nafasi ya valvu ya eksozi ya silinda hiyo: ilikuwa imebana, haifungi. Nikairekebisha injini ikiwa baridi, ikarudi 155.

Moshi wa asubuhi ulibaki palepale, kwa kuwa ulikuwa wa sili. Hizo hubadilishwa bila hata kutoa hedi: unajaza hewa ya kompresa kwenye silinda ishikilie valvu zisidondoke.

Kwa dizeli namba ni kubwa zaidi, mara nyingi psi 300 na kuendelea, na geji yake ni nyingine. Wala usitie oili humo: nafasi juu ya pistoni ni finyu mno, oili ikizidi unaweza kupinda konrodi, mkono unaoshika pistoni.