Uzamivu wa tiba: msimamizi kwanza, mada baadaye

Daktari mwenzangu, umeuliza kama uanze shahada ya uzamivu sasa, huku ukiendelea na zamu wodini, na kama mada yako ya sepsisi (hali ya hatari inayotokana na maambukizi mwilini) kwa watoto wachanga inafaa.

Inafaa, ila usiing'ang'anie mapema. Anza na msimamizi. Zungumza faraghani na wanafunzi wake, uwaulize rasimu huirudisha baada ya muda gani, na wangapi wameishia njiani. Profesa mwenye jina kubwa asiyesoma kazi yako atakuchelewesha kuliko utafiti wenyewe.

Zamu ndizo zinazonitia wasiwasi. Kwa anayesoma muda wote, uzamivu huchukua kama miaka 3 hadi 4. Ukichanganya na kazi, huweza kufika 6 au kuzidi. Omba siku za utafiti kwa maandishi, maana ahadi ya mdomo huyeyuka wodi ikijaa.

Halafu kibali cha maadili. Azimio la Helsinki, mwongozo wa Chama cha Madaktari Duniani kuhusu maadili ya utafiti kwa binadamu, linataka itifaki, yaani mpango wa utafiti ulioandikwa, ipitiwe na kamati ya maadili kabla utafiti haujaanza. Mtoto mchanga hawezi kuridhia mwenyewe, kwa hiyo fomu ya mzazi itachambuliwa neno kwa neno: mama aliyetoka kujifungua, mwanawe anahangaika kupumua, ataombwa idhini na nani, na wakati gani? Fikiria hilo kwa dhati, kwani huyo mama ana haki ya kukataa bila mtoto kupunguziwa huduma.

Mtakwimu naye mtafute mapema akukokotolee ukubwa wa sampuli. Ukimwita data ikishakusanywa, sampuli ndogo hataweza kuiokoa.