Gereji ya Wasomaji: Pikipiki ya spoti iliyolala stoo, service ianzie wapi?

*Shikamoo Fundi. Nipo Masasi. Baada ya mauzo ya korosho nilijikakamua nikanunua Honda CBR600F ya mwaka 1997 kwa mtu wa Dar es Salaam. Kilometa zake ni 31,000 tu, ila alikuwa ameiweka stoo zaidi ya miaka miwili. Asubuhi inawaka kwa shida, na ukiachia mafuta haikai silensa, inazima. Wiki iliyopita betri ilinifia njiani. Fundi wa bodaboda wa hapa kwetu anasema ninunue betri mpya na kabureta mpya, na oili niweke hiyo hiyo anayoweka kwenye boda. Hela iliyobaki si nyingi. Nianzie wapi?*
— Msomaji, Masasi

Marahaba mwanangu, na hongera. Umepata pikipiki nzuri: silinda nne, cc 599, fremu ya chuma. Ukiitunza itakutunza. Kabureta mpya usinunue. Betri nayo isubiri kidogo, nitakueleza sababu.

Kwanza hizo kilometa 31,000, maana barua nyingi ninazopata zinapotea hapo hapo. Mtu anaona namba ndogo kwenye dashibodi anajua kapata bahati. Kwa pikipiki ya umri huo, hesabu miaka kabla ya kilometa. Raba inakauka, mafuta ya breki yanavuta unyevu, maji ya rejeta yanaishiwa nguvu ya kuzuia kutu, petroli inaganda kwenye vitundu vidogo. Yote hayo yanatokea pikipiki ikiwa imesimama chini ya turubai. Na ukanda wetu wa pwani, tokea Dar mpaka Mtwara, hewa yake ina chumvi, kwa hiyo mambo yanakwenda haraka zaidi. Injini yenyewe naamini ni nzima. Kilichochoka ni vitu vinavyoizunguka.

Anza na vile vinavyokusimamisha, ndipo uje kwenye vinavyokutembeza. Najua shida yako ni kuwaka, lakini sitaki iwake vizuri halafu ikakutupa kwenye mteremko wa kushuka Newala.

Tairi: tafuta ubavuni herufi DOT, mwisho wake kuna tarakimu nne. Ukikuta 2311, tairi hiyo ilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2011. Ikiwa imepita miaka kumi, iondoe hata kama kashata zake (yale meno ya raba) zimejaa, kwa sababu raba imekuwa ngumu na haishiki lami, hasa ikilowa. Yako inatumia 120/60 mbele na 160/60 nyuma, zote za rimu ya inchi 17. Upepo ni PSI 36 mbele na 42 nyuma, upimwe asubuhi tairi ikiwa baridi, tena kwa geji. Kuminya kwa kidole gumba hakukwambii kitu kwa tairi ya aina hii.

Breki. Hapa naomba unisikilize sana. Fungua kifuniko cha kikopo kilicho kwenye usukani, uangalie rangi. Mafuta mazima yanakaribia rangi ya mafuta ya kula. Yakiwa kahawia kama chai ya rangi, yamekwisha. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yanavuta maji kutoka hewani. Yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi 230 za Selsiasi au zaidi, yakishalowa yanaweza kuchemka kwenye 155. Maana yake, ukiwa kwenye mteremko mrefu na breki zimepata moto, yanageuka mvuke ndani ya mpira, na mkono wa breki unakuja mpaka kwenye usukani bila kushika chochote. Yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, utembee usitembee. Nunua chupa ndogo iliyofungwa. Chupa iliyokaa wazi dukani tangu masika iache hapo hapo.

Ukishatoa upepo kwenye breki, nyanyua gurudumu la mbele ulizungushe kwa mkono. Linapaswa kuzunguka kwa uhuru, pedi zikigusa diski kidogo tu. Kama linagoma, pistoni za kalipa zimeshikwa na uchafu. Toa kalipa, minya mkono wa breki taratibu pistoni zijitokeze milimita chache, kisha sugua pembeni yake kwa mswaki wa meno uliochovywa kwenye mafuta mapya ya breki mpaka utepe ule mweusi utoke wote. Usisukume pistoni kurudi ndani ikiwa chafu. Usioshee kwa petroli wala kupaka grisi ya kawaida, kwa sababu zinavimbisha raba za ndani. Na mafuta ya breki yakidondokea rangi ya pikipiki, mwagia maji saa hiyo hiyo, yanaibabua.

Sasa oili. Ya boda hapana, mpaka usome kopo lake. Klachi yako inaogelea kwenye oili hiyo hiyo ya injini, kwa hiyo unatafuta 10W-40 iliyoandikwa JASO MA, alama ya oili ya pikipiki zenye klachi ya aina hiyo. Zipo oili za magari zenye dawa ya kupunguza msuguano ili kuokoa petroli. Ukiziweka humo klachi inateleza: injini inalia, pikipiki haiendi. Andaa lita nne ubakize akiba kidogo, na ubadilishe filta. Ni ya kopo, inafunguliwa kama ya gari. Ile washa (pete bapa) ya nati ya kumwagia oili iwe mpya.

Maji ya rejeta mwaga yote, uweke kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri. Maji ya kisima yanaacha magamba kwenye njia nyembamba za alumini. Kifuniko cha rejeta usikiguse injini ikiwa ya moto. Halafu iache ingurume imesimama huku ukiangalia geji ya joto mpaka feni iwake yenyewe. Feni isipowaka, hapo una kazi nyingine kabla ya safari.

Haya, tuje kwenye kuwaka. Mwaga petroli yote ya zamani na umulike tangi kwa tochi. Toa kiti na tangi ufungue sanduku la filta ya hewa. Pikipiki zilizolala stoo penye magunia nimezikuta mara nyingi panya wamejaza manyoya na nyuzi humo. Hata ukikuta safi, filta badilisha, na msimu wa kupulizia salfa mikorosho uwe unaichungulia mara kwa mara, ule unga ni mwembamba sana.

Kutokukaa silensa, yaani kushindwa kunguruma taratibu bila kuvuta mafuta, ni dalili ya jeti ndogo zilizoziba. Kabureta zako ni nne, na kila moja ina jeti moja nyembamba inayolisha injini usipogusa mafuta. Tundu lake ni dogo, petroli iliyokauka inaacha utando wa kahawia unaoliziba. Zitolewe zote nne zikiwa zimeungana. Kuzitenganisha hakuna sababu, ni kujiongezea uvujaji. Fungua mabakuli ya chini, toa jeti, pulizia dawa ya kabureta, kisha upepo wa kompresa. Inyanyue jeti uielekeze juani. Unatakiwa kuona nukta ya mwanga iliyo duara kamili. Ukiona mwezi mwandamo, bado, rudia. Fundi akichukua uzi wa waya au sindano kutoboa, mzuie kwa heshima. Jeti ni ya shaba, ukiichokonoa tundu linapanuka, na hutaweza tena kuipatia hesabu yake. Zikisharudi zisawazishwe kwa geji za kupima mvuto, zote nne zivute sawa. Kazi hiyo ilete Mtwara au Lindi kama Masasi hakuna mwenye geji hizo. Kwa sikio haipatikani.

Mwisho umeme. Honda za miaka hiyo zina ugonjwa unaojulikana: regyuleta, kile kidude chenye mapezi ya alumini kinachopokea umeme wa jenereta na kuupeleka kwenye betri. Kikifa, kinaua betri. Ukinunua betri kabla ya kukipima, utarudi dukani tena. Chajisha betri uliyonayo usiku kucha, iache ipumzike, upime: nzima inasoma volti 12.6 au zaidi. Washa injini, vuta mafuta mpaka mizunguko 5,000 kwa dakika, upime tena. Isome 13.5 mpaka 15 hivi. Ikibaki 12 na kitu, haichajiwi. Ikipanda juu ya 15.5, inachemshwa.

Kabla hujailaumu regyuleta, fuata waya tatu za njano zinazotoka kwenye jenereta mpaka kwenye soketi yake. Itoe uitazame kwa karibu. Mara nyingi utakuta plastiki nyeupe imegeuka kahawia kuzunguka pini moja, na pini yenyewe ina ukijani wa chumvi. Upinzani pale unazaa joto, joto linayeyusha plastiki, na umeme haufiki. Kata soketi hiyo, weka mpya yenye pini nene, paka grisi ya umeme. Safisha na pale waya wa hasi unapofungwa kwenye fremu mpaka chuma king'ae. Wengine wanapona kwa hilo tu, bila kununua regyuleta wala betri.

Kwa hela iliyobaki fanya hivi: mwezi huu mafuta ya breki, oili na filta, usafishaji wa kabureta na soketi ya umeme. Tairi kama tarehe imepita, usitoke nje ya mji mpaka uzibadilishe, hata ikibidi kusubiri msimu ujao wa korosho. Mafuta ya shokapu za mbele yanaweza kusubiri kama sili hazivuji.

*Assalaam aleikum Mzee. Nakaa Lindi mjini, bahari naiona dirishani. Cheni ya Suzuki GSX-R600 yangu ya 2003 inashika kutu ya rangi ya chungwa kila wiki. Huwa naiosha kwa petroli na brashi ya waya, kisha napaka oili chafu. Haidumu. Kuna dawa?*
— Msomaji, Lindi

Waalaikumu salaam. Dawa ipo, na inaanza na kuacha hivyo vyote vitatu. Cheni ya pikipiki yako si kama ya boda. Katikati ya kila kiungo kuna viringi vidogo vya raba vilivyofungia grisi ya kiwandani ndani ya pini. Petroli inavikausha, brashi ya waya inavichana, grisi ikitoka hakuna namna ya kuirudisha. Oili chafu nayo imebeba vumbi la chuma na tindikali, kwa hiyo unailisha cheni kinachoila.

Osha kwa mafuta ya taa na brashi laini, futa kwa kitambaa, kisha paka oili ya gia ya 80W-90. Inapatikana duka lolote la spea za magari na bei yake inavumilika. Paka jioni ukitoka safari, cheni ikiwa na joto, upande wa ndani unaogusa meno, iache mpaka asubuhi ufute iliyozidi isirukie tairi. Kwa mtu wa ufukweni, fanya hivyo kila wiki, na kila ukinyeshewa. Zungusha gurudumu kwa mkono, injini imezimwa, gia ipo huru. Naliandika hili kwa uzito: anayeweka gia ili gurudumu lizunguke lenyewe huku ameshika kitambaa, cheni inavuta kitambaa na vidole vinafuata.

Kulegea kwake kusome kwenye kibandiko kilicho kwenye mkono wa gurudumu la nyuma, na upime pale inapokaza zaidi, maana cheni ya zamani haikazi sawa mahali pote. Kisha ivute kwa nyuma kabisa ya sproketi kubwa. Ikiachia ukaona nusu ya jino, imekwisha. Badilisha cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja.

*Shikamoo Fundi. Mimi ni mwalimu, Mikindani. Nina Yamaha R6 ya mwaka 2000, kilometa 38,000. Fundi wangu anataka kufungua tapeti kwa sababu zinalia kidogo asubuhi. Nikubali?*
— Mwalimu, Mikindani

Marahaba Mwalimu. Kukagua tapeti, yaani nafasi ya valvu, ndiyo. Yamaha wamepanga ukaguzi huo kwenye kilometa 40,000 hivi, umekaribia kufika. Ila kelele kidogo ya asubuhi isikutishe. Nafasi ya valvu ikipungua, kelele nayo inapungua, na hapo ndipo valvu inaposhindwa kufunga vizuri na kuungua. Muulize maswali mawili kabla hujampa funguo: ana fila (vijibati vyembamba vya kupimia nafasi), na anajua kwamba R6 haina skrubu ya kuseti bali vidonge vya chuma vya unene tofauti chini ya vikombe? Akijibu vizuri, mpe. Injini iwe imepoa usiku kucha, na hesabu zote aziandike kwenye karatasi ubaki nayo. Akisema anaseti kwa kusikiliza, mtafute mwingine.

*Fundi, Jumapili huwa tunakwenda Msimbati na pikipiki, tunashuka mpaka kwenye mchanga. Kuna ubaya?*
— Msomaji, Mtwara

Upo. Bakini kwenye barabara. Kama mmeshashuka, siku hiyo hiyo osha kwa maji baridi mengi ya mpira wa bustani, chini ya injini, kwenye kalipa, na nyuma ya rejeta mapezi yanapohifadhi mchanga. Mashine ya kuoshea magari usiielekeze kwenye beringi za magurudumu wala kwenye cheni. Kisha tembea nayo kidogo ukigusa breki ili diski zikauke, na cheni uipake oili kabla ya kulala.