Ukishabonyeza tuma, imetoka

Nilituma meseji ya kumsema mtu kwenye grupu ambalo na yeye yumo. Nimeifuta baada ya dakika 2. Niko salama?

Hauko salama. WhatsApp inakupa siku 2 na masaa kadhaa ya kufuta kwa wote, sawa, ila kufuta kunaondoa maneno kwenye chati tu, skrinshoti iliyoshapigwa inabaki kwenye simu ya aliyeipiga. Dada yangu yalimkuta haya haya, meseji ya kumteta wifi yetu aliyotaka kunitumia mimi ikaangukia grupu la ukoo, akafuta fasta, pakabaki yale maandishi kwamba ujumbe umefutwa na hayo ndo yakawasha watu, "kulikuwa na nini hapa?", kufika jioni wifi ameshatumiwa skrinshoti na watu watatu tofauti. Kilichomsaidia ni kumpigia simu mwenyewe usiku ule ule akakubali kwamba ndiyo, niliandika, nisamehe. Usiseme simu alikuwa nayo mtoto, hakuna anayeamini. Na nyie mnaobeba skrinshoti mkazipeleka kwa anayesemwa, msijiite wakweli, aliyeandika aliteleza mara moja, nyie mmekaa mkaamua.

Naweza kuleft grupu bila watu kujua?

Kimyakimya ndiyo, tangu 2022 wanaopewa taarifa ni maadmini tu. Ila mwanagrupu yeyote akifungua orodha ya waliotoka anakuona humo kwa siku 60. Kama ni watu unaowaheshimu, aga.

Mbona wananiambia napiga kelele, mi naandika tu herufi kubwa?

Kwa sababu unapiga kelele.

Kutumia jina la bandia ni uongo?

Siyo uongo. Kuna mtu anauliza kuhusu ugonjwa wake au ndoa inayomtesa, jina halisi lingemfunga mdomo, huyo muacheni. Mi naangalia hilo jina linafanya kazi gani, linamkinga mwenyewe au linamficha akitukana wenzake? Mwenye akaunti tatu anayejikomentia na kujipongeza, huyo ni tapeli hata kama hajala hela ya mtu.

Rafiki yangu kaniomba namba 6 zilizoingia kwa meseji, nimpe?

Jamani, tumeshalisema hili mara ngapi! Usimpe. Hizo ni namba za kufungulia WhatsApp yako kwenye simu nyingine, na anayekuandikia siyo rafiki yako, akaunti yake imeshaibiwa, mwizi anaongea kwa picha yake na jina lake. Ukitoa, kesho wewe ndo utaonekana unawakopa ndugu zako. Mpigie rafiki yako simu ya kawaida sasa hivi, inawezekana bado hajui.