Mkuu, sitisha hayo malori ya kifusi

Mkuu, usimwage kifusi. Umesema kiwanja kiko mita 70 kutoka Mto Mpiji, unataka nyumba ya kisasa yenye paa la kuficha na vioo vikubwa vya kutazama mto, na fundi kakushauri unyanyue kiwanja kwa kifusi kisha uzungushe ukuta wa tofali. Hayohayo niliambiwa mimi mwaka 2016, bonde la Mto Mbezi, Dar es Salaam.

Na mimi nilijipa moyo kwa zile mita 60 kutoka mtoni ambazo Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza kujenga ndani yake. Mita 60 ni umbali tu, hazikwambii maji yatapanda hadi wapi.

Nilimwaga kifusi futi nne, nikashindilia, nikazungusha uzio. Masika ya 2018 maji yalikuja usiku, yakakuta ukuta, yakajaa nyuma yake kama bwawa. Maji ya mita moja ya ujazo yana uzito wa tani moja. Ukuta wa mita 20 ukizuia kina cha mita moja na nusu unasukumwa kwa zaidi ya tani 20. Wangu ulilala wote kwa mkupuo, maji yakaingia kwa kishindo, watoto tukawapandisha juu ya kabati. Jirani mwenye uzio wa wavu yalimpitia, yakamwachia tope.

Asubuhi nikapiga magoti upande wa mto. Kifusi chini ya jamvi, ile sakafu ya zege, kilikuwa kimeliwa, nikaingiza mkono hadi begani bila kugusa udongo. Wiki mbili baadaye jamvi likapasuka kuanzia chumba cha watoto hadi jikoni. Nikabomoa.

Yule fundi aliyeniambia "kifusi kinatosha, bosi" malori yalikuwa yake. Kila tripu ilikuwa hela yake! Na dalali alinipeleka Septemba, mto ni mchanga mtupu, vijana wanacheza mpira katikati. Hasira yangu kwao haijaisha.

Sasa sikiliza. Kabla ya ramani, kabla ya chochote, tafuta maji yaliwahi kufika wapi. Waulize wazee wa hapo, mmoja mmoja, wakuoneshe kwenye mti au ukuta. Tazama takataka zilizonasa matawini. Hamisha kimo hicho hadi kiwanjani kwa mpira mwangavu uliojazwa maji, kama mafundi wanavyopima levo: maji ya ncha zote mbili hukaa kimo kimoja. Sakafu yako ikae mita moja juu ya hapo, juu ya nguzo za zege zilizoshuka hadi udongo mgumu. Chini pabaki wazi, maji yapite: gari sawa, stoo hapana, soketi hapana, ukuta hapana. Uzio uwe wavu. Mfuniko wa chemba ya choo nao uwe juu ya kimo hicho, maana mimi choo kilirudisha kila kitu bafuni.

Nenda Jumamosi hii na mpira wako, uniandikie hapa umepata mita ngapi. Lori la kwanza lisubiri.